Kamba Nyuma ya Kioo

Kamba ilikuwa ya bluu, nene kama kidole gumba, na tangu mwezi wa nne ilikuwa inalala nyuma ya kioo cha nyuma cha gari la Nafisa, mahali ambapo kila aliyesimama nyuma yake barabarani aliiona. Ndiyo sheria. Gari likishindwa njiani na kuvutwa, mwenyewe anabaki na kamba, nayo inakaa pa kuonekana mpaka siku yeye atakapomvuta mwenzake kwa kamba hiyo hiyo. Sheria waliitunga wenyewe, watu sita wa Lubumbashi wenye magari ya spoti yaliyozeeka, wanaokutana kila Jumapili asubuhi kule Karavia na kujiita Ba Dimanche, watu wa Jumapili.

Nafisa hakuona haya kwa ajili ya kamba. Aliona hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu, kwa maana gari lile hakulipata kwa kuokota. Lilikuwa Celica nyekundu ya mwaka tisini na sita, limevuka bahari kutoka Japani hadi Dar es Salaam, likakata Zambia nzima hadi Kasumbalesa, usukani wake ukiwa kulia kama magari mengi ya mji huu. Mbele lilikuwa na taa nne za duara, na mtaani liliitwa Macho Ine, yaani Macho Manne. Nafisa alikuwa mshonaji wa viti vya magari, kazi aliyoachiwa na babake, mtu wa Kasongo aliyekuja Katanga na sindano zake tu. Alishona viti vya watu miaka mitatu ndipo akanunua gari. Kisha akashona vya kwake, ngozi nyeusi na uzi mwekundu, akakwangua kutu chini ya milango, akabadilisha shokamzoba zote nne kwa mikono yake. Alikuwa anajua kwa sikio tu beringi ya gurudumu gani inalia. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshinda: gari lilichemka.

Lilichemka mwezi wa nne kwenye barabara ya Kipushi, likavutwa. Likachemka tena mwezi wa sita katikati ya mji, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kanisani, likavutwa mara ya pili. Jumapili iliyofuata Clément, mmoja wa wale sita, alikuwa akimngojea Karavia, ameegemea Celica yake ya kijivu, ndugu kabisa wa Macho Ine, tofauti rangi tu. Clément aliuza simu mjini na hakupenda kunyamaza.

"Madame Macho Ine," alisema, "uniuzie ile motere, nikuwe nayo ya akiba. Ile bodi ubakie nayo, ufugie mo kuku."

Watu walicheka; motere ni injini, na bila injini gari ni banda tu. Hata Joëlle, rafiki yake Nafisa, alicheka kidogo kisha akajifanya anakohoa.

"Tunaenda Kambove lini?" Nafisa aliuliza.

"Dimanche ya kwanza ya mwezi wa tisa."

"Basi sikia, mbele ya bantu bote. Twende Kambove, turudi. Macho Ine ikivutwa hata metre moya, nakuuzia yote, motere, bodi na viti, kwa bei yenye utasema weye. Funguo utakamata palepale."

Kicheko kikakatika. Joëlle akamshika mkono. "Nafisa, polepole."

"Na ikirudi muzima," Nafisa akaendelea, "Clément hatatamka tena neno 'motere' mbele yangu."

"Nimekubali!" Clément alisema, na akampa mkono haraka kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajabadili mawazo.

Ilikuwa imebaki miezi miwili na kitu.

Fundi wa gari lile alikuwa Papa Symphorien. Kwa miaka thelathini mji mzima ulikuwa umepita kwenye gereji yake, na Nafisa alimheshimu kama alivyomheshimu babake. Papa Symphorien alikuwa ameosha radiatere inayopoza maji, amebadilisha pampu ya maji, amehakikisha feni inazunguka. Nafisa aliporudi kwake safari hiyo, fundi aliinua mikono.

"Mutoto wangu, mi nilitengeneza yote. Ile gari iko na kichwa yake."

"Papa, ni kichwa yake njo inachemka."

Fundi alicheka, akageukia gari lingine.

Basi Nafisa akaanza kulichunguza gari mwenyewe, kama anavyochunguza kiti kilichokaa upande: anatazama tu siku nyingi. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya kipupwe ikikata masikio asubuhi. Akaona jambo la ajabu. Asubuhi, mshale wa joto ulikataa kupanda. Gari lilitembea nusu saa nzima na injini bado baridi. Lakini lilipoingia kwenye msongamano au kilima, mshale uliruka hadi kwenye nyekundu bila kusimama katikati. Ni gari gani hilo, linakataa kupata moto kisha linakataa kupoa?

Siku moja lilipoanza kutoa mvuke karibu na kazini kwake, Nafisa hakukimbilia maji. Alipitisha mkono mbele, akagusa sehemu ya chini ya radiatere. Injini ilikuwa inatokota. Radiatere ilikuwa baridi. Alisimama pale na mkono umetulia kwenye chuma, watu wakimpigia honi, naye akitabasamu. Maji mengi ya moto hayakuwa yanafika kwenye radiatere. Yalikuwa yanapita njia nyingine.

Njia yenyewe aliiona wiki iliyofuata, alipofumua kiti chake cha nyuma kubadilisha sponji, ambayo alipoweka ngozi hakuiinua. Chini ya sponji kulikuwa na kitabu chembamba cha gereji, kilichosahauliwa na mtu huko Japani, maandishi yote ya Kijapani. Nafisa hakusoma hata neno moja, lakini michoro haihitaji kusomwa. Injini yake ilichorwa ikiwa imefumuliwa, kila kipande peke yake, kama yeye anavyochora kiti kabla ya kukata ngozi. Akalinganisha kipande na kipande, kidole kimoja kwenye karatasi na kingine kwenye chuma. Pale injini ilipoungana na bomba la maji, mchoro ulionyesha kidude cha mviringo chenye springi. Kwenye gari lake palikuwa patupu.

Alimpelekea Papa Symphorien kitabu.

"Papa, hii kintu iko wapi?"

Fundi alivaa miwani, akatazama, akacheka kwa moyo mweupe. "Aah, kalostati! Ile nilitoa siku ya kwanza yenye uliniletea gari."

"Ulitoa?"

"Ninatoa ku gari yote. Ile ni kintu ya inchi ya baridi, inafungia mayi njia mupaka motere ipate moto. Huku kwetu joto, inafungia nani? Mayi itembee bure."

"Na haukuniambia."

"Muntu anakuambiaka kama alipanguza vumbi?"

Alisema kweli. Hakuna fundi Lubumbashi asiyetoa kalostati, ile ambayo kwingine huitwa thamostati. Gari likitoka Kasumbalesa, kabla halijaoshwa vumbi la njia, kalostati imeshatoka. Huo ndio wema wa kwanza fundi anaolifanyia gari geni. Babake Nafisa mwenyewe aliitoa kwenye Peugeot yake na lile gari likaishi miaka ishirini. Nafisa alijua hayo yote, na bado aliweka kitabu juu ya meza ya fundi.

"Papa, angalia muzuri. Iko na sura mbili. Mbele inafungia njia ya radiatere. Lakini nyuma, unaona hii sahani ndogo? Mayi ikipata moto, mbele inafunguka, na nyuma inafunga njia ya mufupi, ile yenye inarudisha mayi mu motere. Ukitoa yote, njia ya mufupi inabakia wazi siku zote. Mayi inatoka mu motere, inarudi mu motere. Radiatere inapata kidogo: asubuhi ya baridi inatosha, ku mulima inakaa kuangalia."

"Miaka makumi tatu ninatengeneza motere. Weye unashona viti."

"Njo, nashona viti. Na mukono yangu ilishika radiatere: juu motere inatokota, chini iko baridi kama sakafu ya muskiti alfajiri. Unielezee weye."

Papa Symphorien alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliinama chini ya meza akavuta kopo kubwa la maziwa ya unga, kwa maana alikuwa mtu asiyetupa kitu. Lilikuwa limejaa kalostati, labda sitini, za miaka na miaka. Nafisa alizimwaga juu ya gunia na kuzipima moja moja kwa mchoro. Zilizofaa zilikuwa mbili tu, pacha.

"Moya ni yako," fundi alisema kwa sauti ya kukasirika kidogo. "Ya pili ni ya Clément. Lakini mi sitairudisha. Ukiirudisha, ni weye. Jina yangu isiingie mo."

Nafisa alichukua zote mbili. Jioni hiyo hiyo alimpigia Clément simu akamweleza jambo lote, maana alitaka kumshinda waziwazi, si kwa kumficha. Clément alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Ulete ile kavyuma pamoja na funguo, siku ya Kambove," alisema.

Kesho yake mama yake, Mama Habiba, alimkuta uani amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko la makaa, sufuria ya maji imekaa juu yake.

"Unapika nini?"

"Kalostati."

Mama Habiba alichungulia. Kidude cha chuma kilikuwa kinaning'inia majini kwa uzi mwekundu wa kushonea viti. "Na chumvi uliweka?"

"Mama, angalia tu."

Walitazama wawili. Maji yalianza kutoa mapovu madogo pembeni, na kidude kikakaa kimya. Kisha, kabla maji hayajachemka, kikafunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamka. Nafisa alikivuta nje kwa uzi, na hewani kikajifunga tena.

"Kumbe kinaishi," Mama Habiba alisema. Akafikiri. "Basi ukimaliza, usugue ile sufuria yangu kwa mchanga, mara mbili."

Nafisa alikifunga mwenyewe, nati mbili za funguo ya kumi, yaani spana. Kwenye mchoro kulikuwa na kijisumari kidogo kinachochezacheza ukingoni mwa kidude, nacho kilichorwa kikitazama juu, ili hewa ipate pa kutokea. Nafisa alikiweka kikatazama juu. Asubuhi iliyofuata mshale ulipanda kwa dakika chache, ukafika katikati, ukakaa hapo. Alizunguka mji mzima katika msongamano wa saa sita. Mshale haukutikisika.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, joto lilikuwa limeshaamka kabla ya watu. Nafisa alipofika Karavia alimkuta Papa Symphorien amesimama na jerikani ya maji na mfuko wa funguo zake za gereji.

"Ikichemka, bantu batasema ni gari ya Symphorien," alisema bila salamu. "Afazali nikuwe ndani."

Akakaa kushoto. Katika gari la usukani wa kulia, kwenye nchi ambapo watu wanaendesha upande wa kulia, anayekaa kushoto ndiye jicho. Dereva aliyeko nyuma ya lori haoni kitu, anangoja aambiwe. Papa Symphorien aliichukua kazi hiyo kwa uzito wote.

"Bado... bado... Ile nyeupe ipite... Pita!"

Nafisa alikanyaga, na Macho Ine ikaruka kando ya lori la shaba kama iliyokuwa imefungwa sasa imeachiwa. Alipenda sauti ile, injini ikipanda hadi elfu sita, safi, bila kikohozi. Papa Symphorien alishika mlango. Macho yake yalikuwa yanakwenda barabarani na kurudi kwenye mshale, barabarani na kwenye mshale.

Kwenye peaje, kituo cha kulipia barabara, malori yalikuwa yamejipanga mpaka macho yanachoka. Walingoja dakika arobaini juani, wakisogea na kusimama kama wanaosali. Feni iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Hapo ndipo mwezi wa nne Nafisa angekuwa ameshafungua boneti. Papa Symphorien aliinama akatazama mshale kwa karibu, kisha akagonga kioo chake kwa ukucha.

"Haijafa, Papa," Nafisa alisema. "Iko inatumika."

"Nilikuwa natoa inzi."

Walipotoka peaje, Clément alisimama kununua asali. Hakuna aliyeshangaa, asali ya njia ile ni nzuri. Kilomita kumi mbele akasimama tena, akanunua viazi vitamu. Kabla ya Likasi akasimama mara ya tatu, na safari hii alipakia magunia mawili ya makaa ndani ya Celica, moja kwenye kiti cha nyuma.

"Clément, unafungua duka?" Joëlle alimpigia kelele akipita.

Nafisa hakucheka. Mwezi wa nne yeye mwenyewe alinunua ndizi mara tatu kwenye njia ya Kipushi, mikungu ambayo mama yake aligawa mtaa mzima. Alijua mtu anayenunua vitu ili injini ipumzike.

Baada ya Likasi barabara ikaanza kupanda kuelekea Kambove. Katikati ya kilima walimkuta Clément pembeni, vioo vyote vimeshushwa, hita ya ndani inapuliza moto kwa nguvu zote ili kuipunguzia injini joto, jasho limemlowesha shati, naye anapatana bei ya kuku na mwanamke mmoja ambaye kuku mwenyewe alikuwa hauzi. Ba Dimanche wote walisimama. Nafisa alishuka, akapita mbele ya gari la kijivu, akapitisha mkono.

"Inapumuzika tu," Clément alisema haraka.

"Radiatere iko baridi," Nafisa alisema. "Kama yangu ya zamani."

Boneti ikatoa mluzi mwembamba, kisha wingu jeupe. Mwenye kuku alimkumbatia kuku wake akaenda zake.

Nafisa alirudi kwenye gari, akafungua kisanduku cha mbele, akaja na kalostati ya pili. Aliiweka juu ya paa la gari la kijivu, mbele ya Clément, naye Clément akaitazama kama mtu anayeonyeshwa barua aliyokataa kuifungua.

Aliyesogea ni Papa Symphorien. Alikuwa ameona peaje, alikuwa ameona kilima, na mshale alikuwa ameugonga mwenyewe kwa ukucha.

"Mi njo nilitoa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Ku hii na ku ile. Leteni funguo ya kumi." Kisha akatazama kilima. "Lakini hapa haitengenezeke, gari imeinama. Tupeleke pale juu, ku sawa."

"Tusukume!" Clément alisema.

"Nani atasukuma mulima na magunia mbili ya makala ndani? Na viazi?"

Macho yote, bila mtu kuambiwa, yakaenda kwenye kioo cha nyuma cha Macho Ine. Clément ndiye aliyetembea hadi pale. Alifungua mwenyewe, akachukua kamba ya bluu, akaifunga mwenyewe, kwanza kwenye gari la Nafisa, kisha kwenye lake.

"Ni metre makumi tatu tu," alinung'unika.

"Mi nilisema hata metre moya," Nafisa akajibu. "Funga muzuri, isifunguke."

Macho Ine ilivuta. Ilivuta Celica ya kijivu, Clément ndani yake, asali, viazi na makaa, polepole hadi pale juu, na mshale ukabaki katikati.

Wakangoja injini ipoe, wakala viazi vilivyochomwa kwa makaa ya Clément, maana Joëlle alisema havikununuliwa bure. Kisha Papa Symphorien akapiga magoti mbele ya gari. Alifungua nati mbili, akashika kidude mkononi, na hapo mkono wake ukasimama. Alimgeukia Nafisa, akamwita kama anavyoitwa mtu wa heshima.

"Mama Nafisa. Kale kamusumari kanaangalia wapi?"

"Juu, Papa."

"Juu," alirudia fundi, na akakiweka.

Walifika Kambove, wakanywa soda, wakageuka. Wakati wa kurudi, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, Nafisa alitazama kioo cha kati akaona barabara nzima nyuma yake, bila kitu cha kuizuia: Celica ya kijivu ikimfuata vizuri, kamba ya bluu sasa ikiwa ndani yake, na Clément nyuma ya usukani, kimya. Hakuwa amesema neno "motere" tangu mlimani.

"Ile kopo yangu," Papa Symphorien alisema ghafla, macho bado mbele. "Mule mo iko gari mingi ya bantu."

"Njo, Papa. Si zote zina sura mbili, lakini zenye ziko nazo tutaziona. Ulete kesho ku meza yangu, na ile kitabu iko. Tutatafuta moya-moya."

"Na bantu nitabaambia nini?"

"Waambie ulipanguza vumbi, sasa unarudisha."

Fundi alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Mbele yao lori refu la shaba lilikuwa limeziba njia yote, na Nafisa akashusha gia, akangoja. Papa Symphorien alitoa kichwa dirishani, akatazama mbali, akachukua muda wake.

"Bado," alisema. "Bado... Pita, mutoto wangu. Pita!"